Risiva ya mita 40 niliyounda mwenyewe inakoroma tu na stesheni moja ya nje imeng'ang'ania, nisaidieni wakuu

fundi_nkuhungu

Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi simu na redio, kibanda changu kipo Nkuhungu hapa Dodoma mjini. Nimevutiwa sana na haya mambo ya redio ya ridhaa, yaani watu wanaongea nchi kwa nchi bila bando wala mnara, nikasema ngoja nianze na kusikiliza kabla ya kuwaza kurusha. Nimeunda risiva ya dairekti konvesheni (inageuza mawimbi kuwa sauti moja kwa moja) ya ukanda wa mita 40, yaani masafa ya megahezi 7, aisii SA612 mbele inachanganya masafa, LM386 nyuma inasukuma spika, VFO, yaani osileta ya kuchagulia masafa, ni koili nimesuka mwenyewe na ile kapasita ya kuzungusha ya kutafutia stesheni nimeitoa kwenye redio mbovu. Bodi sikuchapa, nimesolda juu kwa juu kwenye kipande cha bodi ya shaba. SA612 inakula volti 5 kupitia 78L05 kwa hiyo hapo msinichape.

Antena ni waya wa umeme wa nyumba wa 1.5, nimeukata katikati kila upande mita 10 na kidogo, nimeufunga kwenye ukingo wa paa, umeinuka juu ya bati kama shubiri mbili tu maana sina mlingoti. Unashuka na waya wa antena ya TV. Umeme natoa kwenye sola yangu, paneli, chaji kontrola, betri N70 na inveta ndogo ya nyumba.

Shida sasa. Nikiwasha inakoroma mfululizo zzzzzz, mpaka wife anauliza nimefungua mashine ya kusaga au. Pili kuna stesheni ya nje wanaongea lugha siijui na muziki, hiyo haitoki, nizungushe kushoto nizungushe kulia ipo palepale, na ikifika saa moja usiku inakuja na wenzake wanaongea wote kwa pamoja. Tatu mchana kibanda kikipata joto masafa yanahama yenyewe, nikikamata kitu baada ya muda mfupi kimeshateleza. Ham (mtu wa redio ya ridhaa) sijasikia hata mmoja.

Nina rafiki yangu yupo Singida naye anaunda ya kwake, lengo siku moja tuongee sisi kwa sisi. Kuna mtu kaniambia tatizo ni nguvu, ninunue amplifaya ya wati 100. Nimeangalia bei nikazima simu. Ni kweli? Na nianzie wapi?

Kibuyu77

Picha mkuu. Bodi na antena. Bila picha hapa tutapiga ramli tu.

mlingoti_mrefu

Antena shubiri mbili juu ya bati halafu unauliza shida iko wapi 😂 kaka hiyo sio antena hiyo ni kamba ya kuanikia nguo. Mita 40 inataka dipoli (antena ya waya iliyokatwa katikati kama hiyo yako) iwe juu nusu wimbi, yaani mita 20, chini ya hapo unapoteza muda. Tafuta bomba tatu uunge ndo urudi hapa

mzee_wa_mawimbi

Kijana wangu hongera kwa kuanza na kusikiliza, wengi wanaanza na kurusha wanaishia kuwakera watu. Hiyo amplifaya sahau. Ni ya kurusha, kwenye kusikia haikuongezei chochote, aliyekushauri huenda alikuwa na ya kuuza.

Huo mkoromo mimi natuhumu sola yako kabla ya kitu kingine chochote. Hizi chaji kontrola, iwe PWM iwe MPPT, ndani yake zinakata na kuunganisha umeme mara nyingi sana kwa sekunde na kila mkato unatoa mawimbi ambayo yanapanda mpaka huko megahezi 7 na kupita, sasa nyaya za paneli zinazopita juu ya paa zinageuka kuwa antena ya kurusha hizo kelele, na wewe hapohapo pembeni umelaza antena ya kupokea, unategemea nini. Inveta za bei ya chini ndo balaa kabisa.

Fanya hivi. Betri ing'oe kwenye kontrola, ing'oe kabisa usizime swichi tu, toka nayo nje na risiva na waya wowote mrefu uutupe kwenye mti, halafu zima meni swichi ya nyumba. Sikiliza. Ukimya utakaousikia ndo ukimya halisi wa mahali pako. Baada ya hapo rudisha kimoja kimoja, kontrola, inveta, taa za LED, chaja za simu, king'amuzi, na kila ukirudisha unasikiliza. Kama una redio ndogo ya betri yenye SW iweke mahali pasipo na stesheni uitembeze nyumba nzima, ukifika karibu na mhalifu inapiga kelele yenyewe. Usishangae mhalifu akiwa kwa jirani.

Halafu risiva za aina hii zina ugonjwa wao mwingine ambao mafundi wengi hauwajii akilini. VFO yako inafanya kazi kwenye masafa yaleyale unayosikiliza, kwa hiyo inavuja, inasafiri kwenye nyaya za umeme, inakutana na dayodi za pawa saplai, inarudi kwenye antena imebeba mkoromo. Unaweza kubadili kapasita za kuchuja zote usipone. Dawa ni betri iliyokaa peke yake na waya mfupi.

Ukishamjua mhalifu, tafuta zile ferraiti nyeusi za kubana kwenye nyaya za monita na printa za zamani, wewe fundi najua zimejaa kwenye boksi la skrepa. Usiipitishe waya mara moja tu, uzungushe mara kadhaa ndani yake, moja upande wa paneli, nyingine upande wa betri.

mlingoti_mrefu

mzee heshima yako ila hata akizima sola nchi nzima, antena juu ya bati ni sifuri

mzee_wa_mawimbi

Kuhusu bati tunakubaliana, bati linaimeza, aitoe. Ila hizo mita 20 unampeleka kijana wa watu kwenye gharama isiyo na kazi. Yeye anataka Singida, kwa barabara ni kama kilomita 240. Kwa umbali huo hutaki wimbi liondoke limelala, unataka lipande karibu wima, ligonge tabaka la juu la anga lirudi chini, liangukie Singida, Iringa, Kondoa, mpaka Dar. Dipoli ikiwa chini, mita 5 hadi 7, ndo inarusha na kupokea wima. Ukiipandisha mita 20 inaanza kutazama mbali, utapata Ulaya na Asia vizuri zaidi lakini Singida utakuwa umeipunguza mwenyewe kwa pesa yako.

Akipata nguzo moja ya mti au mianzi ya mita 7 katikati, ncha mbili zishuke kila upande kama paa la nyumba, pembe kule juu isiwe chini ya nyuzi 90, tayari. Na ikishuka hivyo ukinzani wake unasogea karibu na ohm 50. Kama kuna mbuyu jirani asitafute nguzo kabisa.

mlingoti_mrefu

Sawa ila ardhi yetu hii mzee unaijua, kavu, mawe matupu, sio ya Mbeya. Antena ikikaa chini nusu ya nguvu inaliwa na udongo. Hilo huwa hamsemi

mzee_wa_mawimbi

Hapo una hoja na sikukatalii. Ndo maana watu wanalaza waya mwingine chini, moja kwa moja chini ya antena, mrefu kidogo kuizidi, unakuwa kioo cha kurudisha mawimbi juu. Waya tu wa kawaida hata ukifukiwa kidogo watoto wasijikwae.

binti_saketi

Mimi niongelee hiyo stesheni isiyohama maana naona mmeirukia.

Kaka fundi kipimo ni hiki: ukizungusha kitafutio, stesheni ikipiga filimbi halafu ikahama, hiyo imeingia kihalali kupitia VFO. Ikibaki palepale sauti ileile haijali umezungusha wapi, hiyo haijachanganywa na VFO kabisa, SA612 imezidiwa inageuka kuwa kama ile redio ya dayodi moja, inafungua sauti ya AM moja kwa moja. Ndo ya kwako. Kwa ukanda wetu wa dunia, hams tumepewa megahezi 7.000 mpaka 7.200, na kuanzia 7.200 mpaka 7.450 ni stesheni za matangazo zenye nguvu za kutisha, ukuta kwa ukuta na sisi. Jioni zinafunguka ndo maana unaona saa moja usiku zinakuja kundi zima.

SA612 ni aisii nzuri ila tumbo lake dogo, haivumilii kushibishwa. Kitu cha kwanza, cha bei ya soda, weka voliyumu ya kilo-ohm 1 kwenye mlango wa antena kabla ya kila kitu: ncha moja antena, ncha ya pili ethi, katikati inaenda kwenye risiva. Jioni ipunguze mpaka ile stesheni ipotee. Watu wanaogopa kupunguza wanadhani watapoteza hams, lakini kwenye mita 40 kelele za angani zenyewe ziko juu kuliko kelele za risiva yako, unaweza kupunguza sana usipoteze kitu.

Cha pili unahitaji filta ya kupitisha ukanda mmoja, yenye saketi mbili za koili na kapasita. Sasa hivi mbele umeweka nini? Toa jibu nikupe vipimo.

fundi_nkuhungu

Asanteni sana wote, mzee shikamoo.

Nimefanya la betri. Aisee! Nilipong'oa kontrola kelele zimeshuka sana yaani nilidhani risiva imezima. Nikarudisha moja moja, kontrola inakoroma, inveta inakoroma zaidi, na taa moja ya LED ya sebuleni inapiga kama nyuki, hizo nyingine hazina shida cha ajabu zote nilinunua duka moja. Ferraiti nimezipata nne kwenye skrepa nimezungusha, kontrola imetulia nusu, inveta bado.

Voliyumu nimeweka, ile stesheni mchana imeisha, usiku bado inachungulia.

Dada mbele sina filta, ni koili moja tu na kapasita. Nina toroidi (zile pete za kusukia koili) nimezitoa kwenye pawa saplai za kompyuta, zile za njano upande mmoja mweupe, ninazo nyingi sana. Zinafaa?

binti_saketi

Hapana hizo usitumie, za njano na nyeupe ni kwa ajili ya kuchuja umeme wa masafa ya chini, kwenye megahezi 7 zinakula mawimbi, koili inakuwa mvivu na filta inapanuka kama mlango wa zizi. Zinazotakiwa ni nyekundu za T50-2 au njano tupu za T37-6, hizo kuzipata hapa kwetu mpaka uagize.

Lakini huna haja ya toroidi kwa risiva. Chukua bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme ukutani, lile la milimita 20, kwa nje kipenyo ni hiyohiyo 20. Suka mizunguko 19 ya waya wa shaba wenye vanishi wa kama 0.8 mm, itawanye ikae kwenye urefu wa sentimita 2. Hiyo inakupa maikrohenri 5 na kidogo. Ukiiunganisha na pikofaradi 100 kwa jumla inaimba kwenye 7.1. Weka 82 ya kudumu na ndogo ya kurekebisha kwa bisibisi pembeni. Unatengeneza mbili zinazofanana.

Antena inaingia kwa mizunguko 2 iliyosukwa upande wa ethi wa koili ya kwanza. Koili ya pili, usiipeleke SA612 kwenye ncha ya juu maana mlango wake ni kilo-ohm 1.5 utaikaba saketi, toa waya kwenye mzunguko wa 6 kuhesabu kutoka ethi. Kati ya koili mbili unaunganisha ncha za juu kwa kapasita ndogo sana, pikofaradi 3 mpaka 5. Ukikosa, pindanisha nyaya mbili zenye maganda kama sentimita 3 hivi, ncha zisigusane, ukate kidogo kidogo ukisikiliza. Koili moja isimame na nyingine ilale, na uweke kipande cha bodi ya shaba kati yao kimesoldiwa ethi, la sivyo zinasemezana zenyewe bila kupitia kapasita na filta inakuwa pambo.

sahani_juu

Mi naona mnamchosha jamaa. QO-100 ipo juu yetu tangu 2018, setilaiti yenye mitambo ya hams imekaa nyuzi 26 mashariki haihami usiku wala mchana, hakuna habari ya joto wala saa moja usiku. Chukua sahani ya king'amuzi na LNB (kile kichwa cha sahani) ya kawaida, inashuka kwenye megahezi 10489 na nusu, LNB inatoa 739 na nusu, unachomeka kwenye fleshi ya SDR (risiva ya USB ya kompyuta) unasikia watu kuanzia Brazil mpaka Thailand. Hapa Dodoma sahani inatazama karibu juu kabisa, nyuzi 76 hivi, kaskazini magharibi. Zile sahani za hapa mtaani zinazotazama nyuzi 36 unaisukuma kidogo tu upande wa magharibi umefika

Kibuyu77

kumsikiliza rahisi, kumjibu je? kurusha ni megahezi 2400 hiyo sio ya kusolda juu kwa juu kwenye kibanda

sahani_juu

Nimesema kusikiliza

Bahi_QRP

Tumuache na mita 40 yake bwana, kashaanza. Fundi kuhusu kuhama kwa masafa: angalia kapasita zilizo kwenye VFO. Kama ni zile za udongo za kahawia ulizotoa kwenye bodi za redio hovyo hovyo, nyingi zinabadilika na joto. Tafuta zenye kichwa kilichopakwa rangi nyeusi, hizo ni NP0, haziyumbi. Koili ya VFO ipake gundi isitikisike. Na weka VFO yote kwenye kiboksi cha bati la maziwa au kipande cha bodi ya shaba, mbali na LM386 maana hiyo inapata moto na pia inavuta umeme kwa mikupuo, ukiongeza sauti VFO inayumba. Hapo kwenye LM386 hakikisha umeweka ohm 10 na nanofaradi 47 kutoka pini ya 5 kwenda ethi, bila hizo wakati mwingine inaimba masafa ya juu husikii lakini inachafua risiva nzima.

Ila nikuambie ukweli, kwenye kibanda cha bati Dodoma mwezi wa kumi hamna VFO ya koili itakayotulia saa nane mchana. Mimi nilishahamia Si5351, aisii ya kuzalisha masafa kwenye bodi ndogo, na Arduino Nano ya kuiendesha, inatoa kuanzia kilohezi chache mpaka zaidi ya megahezi 100 na inakaa palepale. Tatizo lake inatoa mraba wa volti 3 na SA612 inataka kama milivolti 200 au 300 tu, ukiiingiza mzima mzima inavimbiwa. Weka kilo-ohm 1 mfululizo, ohm 100 kwenda ethi, kutoka hapo nanofaradi 10 mpaka pini ya 6. Nano nayo inapiga kelele kidogo, ifunike.

fundi_nkuhungu

Sawa mkuu Bahi, Nano ninayo hata mbili, hiyo Si5351 nitamwagiza dogo wa Kariakoo akatafute.

Swali la kurusha sasa, nisije nikajenga bila kujua naelekea wapi. Nimeona watu wanatumia IRF510, ile transista ya fet ya kawaida, wanapata wati 5. Inatosha kwa Singida? Na hii leseni ikoje, naweza kujaribu wati moja moja nikiwa nasubiri?

mzee_wa_mawimbi

Usijaribu hata wati nusu hewani bila leseni. Ni TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, na ofisi yao ya Kanda ya Kati ipo hapahapa Dodoma, nenda ukaulize mwenyewe uso kwa uso utaratibu wa redio ya ridhaa, usimsikilize mtu wa mtandaoni hata mimi, taratibu na ada zinabadilika. Ukipewa utapata jina lako la hewani linaloanza na 5H. Rafiki yako wa Singida naye ya kwake, leseni ya mmoja haifuniki wawili.

Wakati unasubiri kuna kazi kibao ya kufanya mezani. Tengeneza mzigo bandia, rezista 20 za kilo-ohm 1 za wati nusu uziunge sambamba, inakuwa ohm 50 yenye kubeba wati 10. Ziwe za kaboni au filamu, zile kubwa nyeupe za waya wa kusuka usiweke, hizo ni koili zimejificha. Hapo unarusha kwenye mzigo, hewani hakitoki kitu cha maana, unapima mpaka uchoke.

Wati 5 kwa Singida mchana kwa antena niliyokueleza zinatosha, nasema hivyo bila wasiwasi, kwa msimbo wa Morse ndo kabisa na kwa sauti ukipata saa nzuri. IRF510 sawa, ila kumbuka lile bati lake la mgongoni ni dreni, lina umeme, ukilifunga kwenye hitisinki bila karatasi ya maika unachoma. Na bayasi ya geti ipandishe taratibu ukiangalia mita, ikipita kidogo inakufa bila kuaga.

Cha lazima kuliko vyote ni filta ya mwisho, ile inayokata masafa ya juu kabla ya antena. Fet yako ikirusha 7.1 inarusha pia 14.2 na 21.3 bila kukuuliza, utakuwa unaongea na Singida huku unamkanyaga mtu wa ukanda wa mita 20. Toroidi za T37-6 hapa ndo pa kuagiza sasa, mizunguko 21, 24 na 21, na kapasita 270, 680, 680, 270 pikofaradi, ziwe NP0 au maika za volti za kutosha. Nikiambiwa nichague kati ya kununua fet ya pili na kununua hizi toroidi, fet inasubiri.

Kama unataka saketi nzima iliyokwisha fikiriwa, tafuta BITX, redio ya kujiundia ya kurusha na kupokea, ya Ashhar Farhan wa Hyderabad kule India. Aliichora kwa makusudi itumie transista za kawaida ambazo fundi wa mtaani anazipata, michoro yake ipo wazi, na ukiielewa ile umeielewa redio.

Bahi_QRP

Naunga mkono BITX. Na kabla hujaipandisha hiyo antena mpya, waya wenye ganda unaimba chini kidogo kuliko waya mtupu. Kanuni ni 143 gawanya kwa megahezi, kwa 7.1 unapata mita 20.1, kila upande 10.05. Kata 10.5 halafu punguza, kwa ganda la plastiki utaishia chini ya 10 kidogo. Kukata ni rahisi kuliko kuunga. Azima NanoVNA, kile kipimo cha antena, kwa mtu kama huna, usikisie.

mlingoti_mrefu

Na radi jamani mbona hamsemi radi. Desemba ikianza mpaka Aprili ukiona wingu tu chomoa antena itupe nje, usiiache imelala mezani karibu na risiva. Na hata kiangazi huu upepo wetu wa vumbi unajaza umeme kwenye waya, nishawahi kupigwa shoti na antena ambayo haijaunganishwa popote. Weka rezista ya kilo-ohm 100 kati ya pande mbili za dipoli na upande mmoja uende ethi, ile chaji inavuja taratibu. SA612 haivumilii hizo shoti

mzee_wa_mawimbi

Hilo limekaa sawa kabisa bwana mlingoti. Na ethi yenyewe kwa ardhi yetu, shimo la fimbo lijaze mkaa na chumvi, umwagie maji mara moja moja.

fundi_nkuhungu

Wakuu nimerudi. Nguzo ya mianzi nimepata kwa jirani, imesimama uani mita 6 na ushee, ncha moja nimefunga kwenye mwarobaini nyingine kwenye ukuta. Filta ya dada nimesuka. Inveta nimeamua wakati wa kusikiliza naizima tu, wife kakubali kwa masharti.

Leo saa nne asubuhi nimewasikia!! Watu wawili wanaongea Kiingereza, mmoja alikuwa anasoma namba za ripoti za mwenzake. Ile stesheni ya nje usiku imebaki kwa mbali sana tena nikiongeza voliyumu yote. Ila sauti zao zinakuwa kama bata, nikizungusha kidogo zinakuwa za kike nikizungusha tena zinageuka haieleweki kabisa kama wanaongea kinyume. Risiva mbovu au?

binti_saketi

Hongera sana kaka! Risiva haina shida. Wanaongea kwa SSB, yaani wanarusha upande mmoja tu wa wimbi, kwenye mita 40 desturi ni upande wa chini, na risiva yako inasikia pande zote mbili za VFO. Ukiwa upande sahihi sauti inanyooka, ukivuka upande wa pili inageuka kichwa chini ndo hayo ya kinyume. Zungusha polepole sana, ukianzia juu ya masafa yao unashuka. Weka kitafutio kidogo cha pili cha kusogeza masafa kwa upole, dayodi ya 1N4007 ukiigeuza na voliyumu ya kilo-ohm 10 vinatosha mpaka hiyo Si5351 ifike.

Na mchana kama huo saa nne mpaka saa kumi ndo wa karibu wanasikika. Usiku wa manane msitafutane na Singida, tabaka linakuwa limepungua nguvu, wimbi la wima linapita moja kwa moja halirudi.

Kibuyu77

Picha bado hatujaona 😅

fundi_nkuhungu

Kesho napiga mkuu, bando limekata. Dada swali la mwisho, rafiki yangu wa Singida kakosa bomba la mm 20, kwao dukani kuna 25 tu. Asuke 19 vilevile?

binti_saketi

Hapana itazidi. Kwa 25 asuke 16 kwenye urefu uleule wa sentimita 2, na waya wa SA612 autoe mzunguko wa 5. Kapasita hazibadiliki.